Mwaka Nilipopigiwa Ngoma

Nilipofika msibani Mingoyo, kitu cha kwanza macho yangu yalichokitafuta ni kile chumba cha nyuma nilicholala usichanani. Hakipo tena. Mahali pake pana stoo ya saruji yenye mlango wa chuma, na ule ukuta wa udongo uliotenganisha chumba chetu na jiko umebaki kama kisiki, kuku wanaparua chini yake. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani uani, wengine wakilia kwa sauti. Nikapita kati yao nikimpa kila mmoja mkono na pole, kama nilivyofundishwa, kisha nikakaa pembeni karibu na mapipa ya maji. Sikutoa chozi. Nilimpenda Shangazi Fatu kuliko wengi waliokuwa wakijitupa chini pale, lakini huzuni yangu haipiti machoni. Hukaa tumboni, chakula kikanishinda, usingizi ukanikimbia, na asiyenijua huniona nimekaa mkavu kama mtu anayesubiri gari. Nikamsikia msichana mmoja akimwuliza mwenzake, "Yule ndiye aliyewahi kukaa na marehemu?" Mwenzake akajibu, "Ndiye. Mtazame alivyo." Zamani maneno hayo yangenitesa wiki nzima nikijiuliza nimekosea wapi. Safari hii sikuwa na la kujiuliza. Nilikuwa nimekuja Mingoyo na jibu, ila niliyetaka kumpa alikuwa ameshazikwa.

Jibu lenyewe nililipata Dar es Salaam, wiki chache kabla ya msiba, na hata halikutafutwa kwa ajili yangu. Lilitafutwa kwa ajili ya mjukuu wangu Nasra, ambaye walimu wake walikuwa wamechoka naye. Anasoma vizuri kuliko darasa zima, lakini kengele ikilia anajiziba masikio na kuingia chini ya dawati, na akiulizwa na mwalimu mkuu kama anajiona mjanja kuliko wenzake, anasema ndiyo, kwa sababu ndivyo anavyojiona. Mama yake, binti yangu, alinichukua twende wote hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na nilimpenda mara moja kwa sababu alizima feni iliyokuwa ikikwaruza kabla hatujamwomba. Alikaa na Nasra asubuhi nzima, kisha akatueleza taratibu. Zamani hali ya aina hii waliiita Asperger, kwa jina la mtu. Siku hizi wanaiweka yote ndani ya usonji. Akasema wavulana hujulikana mapema, wasichana hujificha bila kujua kwamba wanajificha. Huwatazama wenzao wanavyocheka, nao wakajifunza kucheka. Huwatazama wanavyokaa, nao wakakaa hivyo. "Wengine wanaolewa, wanazaa, wanazeeka," akasema, "wakidhani wao ni watu wabaya tu." Alipokuwa akisema hivyo hakuwa akimtazama Nasra. Akaniuliza, kwa heshima, kama nami nilipokuwa mdogo kelele zilinisumbua, kama nilichagua vyakula, kama watu walinicheka bila mimi kujua kichekesho kiko wapi. Nikamjibu yote. Binti yangu akaweka simu chini. "Na kusalimia watu, bibi, ulijuaje?" daktari akauliza. Nikamwambia, "Nilikariri, kama juzuu."

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilimwuliza kama mtu anaweza kufanywa hivyo na watu wengine, kwa kipigo, au kwa kutishwa, au kwa jambo lililofanywa nusu likaachwa. Akatikisa kichwa. "La, bibi. Mtu huzaliwa hivyo. Watu wanaweza kumwongezea maumivu, lakini kumfanya hivyo hawawezi." Ilikuwa Ramadhani. Nikapanga kwamba Idi ikipita nitakwenda Mingoyo, nikae na Shangazi Fatu kitandani kwake, nimwambie maneno hayo kama nilivyoyasikia. Hakuifikia Idi.

Nilipelekwa kwake nikiwa msichana mkubwa, nimeshachezwa unyago. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, na barabara iliyokuwa kimya ikajaa malori ya watu binafsi. Yalipita na marobota ya mitumba, sukari, redio, masufuria mapya yaliyong'aa, yakielekea Mtwara na Masasi, na madereva wote walitaka kula. Shangazi Fatu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akiuza maandazi kwenye ungo, akafungua mgahawa njia panda. Palikuwa na ukumbi wa mbele wenye meza za mbao, jiko la nyuma lenye mafiga na moshi, na kando ya jiko chumba nilicholala mimi na Da Anastasia, Mmakonde Mkatoliki aliyeshuka kutoka uwanda wa juu wa kwao kutafuta kazi. Chumba kilikuwa na magunia ya unga na mchele hadi dirishani, kilinuka mafuta ya taa, na ukuta wake haukufika juu. Mtu akisema jikoni, sisi chumbani tunamsikia. Bati likipigwa na mvua hatumsikii mtu yeyote, na mimi nalala kifudifudi na kanga nimejifunga kichwani.

Unyagoni nilikuwa nimesifiwa. Hili watu hawalitegemei nikiwasimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Maisha yangu yote kabla ya hapo watu walikuwa na sheria ambazo hawakuzitaja, wakakasirika ukizivunja. Kule ndani, kwa mara ya kwanza, wanawake wazima walikaa chini wakazitaja. Ukipita mbele ya mkubwa, inama. Ukipokea kitu, mikono miwili. Ukisemeshwa, macho chini. Nilizimeza zote. Na lile la macho chini ndilo lililoniokoa kuliko yote, kwa sababu mimi macho ya watu yananichoma, sijui nitayatazama hadi lini na nitayaacha lini. Dar es Salaam daktari aliliandika miongoni mwa dalili. Kwetu lilikuwa adabu. Wageni walinisifu kwa Shangazi, "Huyu mtoto ana haya," na Shangazi akafurahi, na mimi nikafurahi kwa kuwa yeye amefurahi. Hakuna aliyeniona.

Lakini mgahawa haukuwa unyago. Mgahawani watu walisema hili wakitaka lile. Kulikuwa na mzee mmoja mdaku aliyezoea kukaa kutwa akichukua habari za watu, na siku moja Shangazi akaniambia, "Kamwambie mzee yule chai imekwisha." Nikaenda, nikapiga goti, nikasema, "Shikamoo babu. Shangazi amesema nikwambie chai imekwisha." Akaitika marahaba, akanyoosha kidole jikoni. "Na lile birika linalofuka moshi?" Nikamwambia, "Lile lina chai." Alicheka hadi akakohoa, akatangaza habari hiyo njia panda nzima. Da Anastasia naye alinicheka, ila kwake nilizoea, kwa sababu alicheka kila kitu. Mimi nilikuwa nakula wali kwenye sahani yake na mbaazi za nazi kwenye sahani yake, vikigusana sili. "Kwani wamegombana?" aliniuliza siku ya kwanza. Nikamjibu, "Hawakugombana. Mimi ndiye sipendi wakutane." Akapiga makofi. Baadaye nikamsikia jikoni, upande wa pili wa ukuta, akisema, "Mama Fatu, huyu mtoto wenu ni jeuri au ni mjinga?" Shangazi alikuwa akichuja tui, nilisikia kifumbu kikikamuliwa. Akasema, "Si jeuri, Anastasia. Mwenye jeuri akikuuma hutazama kama imekuingia. Huyu hatazami." Nimeyabeba maneno hayo miaka yote. Mwanamke asiyewahi kukanyaga darasani alikuwa amenisoma vizuri kuliko mtu yeyote hadi nilipofika kwa yule daktari, na bado haikunisaidia, kwa kuwa kuniona aliniona, lakini jina la alichokiona hakuwa nalo.

Raha yangu ilikuwa mbuzi ya nazi. Nikikaa juu yake asubuhi, kabla redio kaseti haijawashwa, nikasikia meno yake yakikwangua kifuu, mwendo ule ule, mwili wangu ulitulia wote. Kisha Shangazi anawasha kaseti ya taarabu kwa sauti ya juu ili madereva waisikie tangu barabarani, malori yanapiga honi, watu wanaitana, na mimi nafanya kazi meno nimeyakaza hadi jioni taya linaniuma. Sikumwambia mtu. Nilidhani kila mtu anaumia hivyo, ila wenzangu wana subira.

Issa alikuwa muuza mitumba. Alitandika nguo zake kwenye turubai ng'ambo ya barabara, na mchana alikuja kula, meza ile ile ya pembeni, wali na samaki, hakubadilisha. Nilimpenda kwanza kwa hilo. Halafu akaanza kunisemesha, na mazungumzo yake yalikuwa ya kitu kimoja tu, nguo: ipi imefumwa, ipi imeshonwa, kwa nini marobota yote yana harufu moja ya dawa hata yakitoka nchi mbalimbali. Nilimwuliza, akajibu, aliniuliza, nikajibu. Hakuna aliyezunguka. Siku moja akasema, "Esha, wewe husemi uongo." Nikamwambia, "Siujui." Akatabasamu, akala samaki wake. Baada ya mfungo sita akamtuma mshenga kwa Shangazi, na Shangazi akaja chumbani kuniuliza huku macho yanamng'aa. Nikasema namtaka. Sikujua kwamba msichana hutakiwa kunyamaza, na ukimya wake ndio uwe jibu, lakini Shangazi alicheka tu siku hiyo, akanikumbatia. Kumbatio lake nililivumilia kwa furaha.

Mama yake Issa alikuja kutoka Kitomanga kuniona, pamoja na dada yake. Shangazi alizima redio, akapika pilau, akanifundisha siku mbili: nitaingia na sinia, nitapiga goti, nitasalimia, nikiulizwa lolote nitasema, "Nawasikiliza wakubwa." Nilifanya vyote. Mama yake Issa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti kali nyembamba kama msumeno unaokata bati. Kila alipocheka nilihisi kitu kinaingia sikioni hadi nyuma ya jicho. Nikavumilia. Alikula, akasifu pilau, akamwambia Shangazi kwamba amepata mtoto mwenye heshima. Kisha, kwa kuwa amefurahi, akanigeukia mimi mwenyewe. "Mwanangu, Issa ndiye huyo huyo niliye naye. Mtakaa kwangu, nyumba moja. Je, utaniweza?"

Leo najua lilikuwa swali la utani, la kunikaribisha, na jibu lake ni kuinamisha kichwa na kucheka. Siku ile nililiona ni swali kubwa, na anayeuliza ni mkubwa, na heshima kwa mkubwa ni kumpa ukweli. Nikafikiri. Nikaifikiria nyumba yake, na sauti ile asubuhi, mchana na jioni. Nikasema, "Sitaweza, mama. Sauti yako inaniumiza masikio. Lakini Issa namuweza."

Da Anastasia alikuwa mlangoni na jagi la maji, akasimama hapo hapo. Mama yake Issa aliweka kikombe chini, akajitanda kanga yake vizuri, akasema, "Haya. Tumeshukuru kwa chakula." Nikadhani ameshukuru. Nikachukua sinia, nikatoka nikiwa mwepesi, nikijua nimemaliza mtihani. Ni chumbani, juu ya magunia, ndipo niliposikia yaliyosemwa jikoni wakati wanaagwa. "Mama Fatu, mimi sina hasira na mtoto," sauti ile ilisema, safari hii taratibu. "Aliyesema pale si yeye. Mtoto yuko na mtu kichwani. Mshusheni kwanza, ndipo mtuite."  Nilisikia Shangazi anapanga sahani moja juu ya nyingine.

Sitaki kumsingizia Shangazi Fatu. Alikaa na jambo lile wiki nyingi. Nilimsikia akimwambia Da Anastasia kwamba mtu aliyepandwa na shetani huumwa, huanguka, na mimi siumwi wala sianguki. Lakini alinitakia Issa. Aliamini kwamba sitapata mwingine kama yule, na mtu mzima kutoka Kitomanga amesema kuna mlango mmoja tu wa kurudi. Mvua za vuli zilipokaribia akamwita fundi wa mashetani, mama mmoja kutoka Rutamba, aliyekuja na ngoma, manyanga na chetezo, akasema kazi ni ya siku saba. Walitoa magunia chumbani kwetu. Baada ya sala ya alasiri wakanikalisha katikati kwenye kigoda, wakanifunika kaniki kichwani, chini yake wakaingiza chetezo cha ubani, wakafunga mlango. Mikono ya kupiga haikutosha, Da Anastasia akapewa ngoma ndogo.

Ile ngoma siwezi kuieleza vizuri. Chumba kilikuwa kidogo, bati juu, ukuta pande zote, na mlio haukuwa na pa kutokea isipokuwa ndani yangu. Fundi akapaza sauti, "Jina lako nani?" Nikasema, "Esha." "Hatukuulizi wewe, tunamuuliza aliyekupanda. Jina lako nani?" Nikasema, "Simjui." Wakazidisha. Akauliza tena, nikajibu tena kwamba simjui, kwa kuwa sikumjua, na moshi ukanijaa kifuani, na manyanga yakawa karibu kabisa na masikio. Nikaanza kujipiga kichwa kwa ngumi ili maumivu ya nje yashinde ya ndani. Nikapiga kelele. Na hapo ndipo nilipowasikia wote wakipiga vigelegele. "Kapanda! Kapanda!" Nilikuwa nawaomba waache, na wao wakaona kilio changu ndicho walichokuwa wakikitafuta, wakapiga kwa nguvu zaidi.

Siku ya pili walipoanza tena sikupiga kelele. Sikufanya lolote. Nilikuwa nimejikunja chini, na Shangazi Fatu ndiye aliyefunua ile kaniki. Akanitazama. Akasimama, akaufungua mlango. "Basi," akasema. Fundi akamwonya kwamba shetani akipandishwa kisha akaachwa njiani, mtoto ataharibika moja kwa moja. Shangazi akasema, "Mtoto anatetemeka. Basi. Chukueni vitu vyenu." Akanibeba yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa mkubwa kama yeye, akanilaza jikoni kwenye ubaridi karibu na mitungi.

Sikusema neno mvua ile yote. Sikukataa kusema, nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Watu wakasema fundi alionya. Shangazi alisikia, maana walisema kwa sauti. Aliizima redio kaseti, akaifunga kwenye kitambaa akaiuza, na madereva wakahamia mgahawa mpya uliofunguliwa karibu na sisi, wenye muziki na video. Kwetu wakabaki wapita njia wachache. Kila mchana Shangazi aliniletea wali kwenye sahani moja na mboga kwenye nyingine, akaweka chini bila kunitazama, akaondoka. Issa alikuja mara moja tu, mlango wa jikoni, fulana mkononi. "Mama hataki," akasema. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Alisimama akisubiri sauti yangu, kisha akaiweka ile fulana juu ya kinu, akaondoka. Hazikupita siku nyingi akahamishia biashara yake Mtwara, na huko akaoa.

Sauti ilirudi polepole, kwa kunong'ona, lakini mgahawa haukurudi. Mwaka ulipogeuka, baba mdogo akaja kunichukua anipeleke kwake Kilwa Masoko. Lori lilisimama njia panda, vitu vyangu vikapakiwa. Shangazi Fatu hakutoka kuniaga. Alikaa kwenye mbuzi ya nazi jikoni, amenipa mgongo, anakuna, anakuna, na mimi nikaondoka nikidhani ana kazi nyingi. Nilikuwa na watoto wawili tayari nilipokumbuka kwamba siku hiyo mgahawa ulikuwa umefungwa, hapakuwa na wa kupikiwa.

Siku ya pili ya msiba, wanawake walipopungua, Da Anastasia alikuja kukaa nami karibu na mapipa. Amezeeka, mguu mmoja unavimba, lakini hakuwahi kuondoka kwa Shangazi. Ndiye aliyemwogesha hadi mwisho. Akaniambia bila kuulizwa. Akasema Shangazi Fatu alikuwa akinitaja kila mvua za vuli zikianza. Alikuwa akisema, "Mtoto wa kaka yangu nilimpokea mzima, nikamrudisha amevunjika. Fundi alinionya, sikumaliza." Miaka yote hiyo. Hata wiki ya mwisho, pumzi zikiwa za kuhesabu, alimwuliza Da Anastasia kama anadhani ningekuwa salama iwapo wangemaliza siku zote saba.

Nikamwambia yote niliyoambiwa na daktari. Nikamweleza Nasra na kengele, nikamweleza usonji, wasichana wanavyojificha, na kwamba mtu huzaliwa nao, hapandwi na kitu wala havunjwi na mtu. Alisikiliza kichwa ameinamisha, akichora ardhini kwa ukucha wa dole.

"Dawa yake nini?" akauliza.

"Hauna dawa. Si ugonjwa. Ni umbile tu."

 Wale mabinti walikuwa wakiosha masinia ya msiba, yakigongana, na kila mgongano ulinipita mwilini kama kawaida yake. Mwishowe akasema, "Sasa ile ngoma, Esha. Tulikuwa tunampigia nani?"

Nilimtazama usoni, jambo ambalo hunigharimu. Da Anastasia ni mtu wa kucheka, na sura yake sikuwahi kuijua ikiwa ya mzaha au ya kweli.

"Unatania," nikamwuliza, "au unauliza?"

"Nauliza."

"Mimi," nikamwambia. "Mle chumbani hapakuwa na mtu mwingine."